Lee-Enfield No. 4 ya mwaka 1943: uzoefu wangu wa miaka miwili

Nina miaka miwili sasa na Lee-Enfield No. 4 Mk I* yangu, bunduki ya jeshi la Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na nimeshaipigia risasi zaidi ya mia sita, kwa hiyo naweza kuizungumzia bila kubahatisha. Ilitengenezwa Long Branch, Kanada, mwaka 1943. Jina la kiwanda na mwaka vimegongwa ubavuni kwenye chuma, na hadi leo ukipitisha kidole juu yake unazisikia herufi.

Sisi tunaokusanya bunduki za kale za jeshi tukikutana na mtu anayeuza huwa na maswali mawili: mtutu ukoje ndani, na je, namba zinalingana? Nami niliuliza hayohayo. Namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti (komeo linalofunga nyuma ya mtutu) ilikuwa ileile iliyo kwenye bodi, yaani mwili wa chuma wa bunduki. Nikamulika mtutu kwa tochi, ukang'aa. Una mifuo (mikato ya ndani inayoizungusha risasi) miwili tu badala ya mitano ya kawaida. Hilo lilinitia wasiwasi hadi nilipojifunza kwamba wakati wa vita viwanda vilipunguza mifuo ili kazi iende haraka, na mitutu hiyo ilikubaliwa na jeshi kama mingine. Swali la tatu sikuliuliza, na kwa kutoliuliza nilihangaika karibu mwaka mzima: mbao zimekaaje?

Muuzaji alikuwa amezipiga msasa na kuzipaka vanishi. Kwenye picha zilipendeza sana. Nilipoishika mkononi nilisikitika, kwa sababu mbao za bunduki hizi zilipakwa mafuta ya kitani, hazikuwahi kupakwa vanishi. Msasa ulikuwa umekula karibu mihuri yote ya wakaguzi. Kwenye kitako palibaki nusu ya muhuri mmoja, nao huuoni mpaka uugeuzie mwanga kwa upande. Mihuri ile ilikuwa kumbukumbu ya safari ya bunduki, na ikishafutika hairudi. Tafadhali, kama unayo ya namna hii nyumbani, usiipige msasa.

Siku ya kwanza uwanjani nililenga shabaha ya mita 100, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga. Risasi tatu za mwanzo zilikaa karibukaribu. Zilizofuata zikaanza kupanda na kuhama kulia, na nilipomaliza kumi matundu yalikuwa yametawanyika sentimita 22. Nikalaumu risasi, nikabadilisha. Nikalaumu macho yangu. Nikakaza skrubu zote. Miezi ikapita hali ikiwa ileile, hadi siku mzee mmoja aliyekuwa akipiga karibu nami aliponiomba aitazame. Nikafungua bolti, nikatoa magazini, nikahakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, nikampa.

Akashika ncha ya mtutu, akaitikisa kidogo. "Mwanangu, mtutu wako unaning'inia," akasema.

"Unaning'iniaje, mzee? Skrubu zote nimezikaza."

Akachana kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya mtutu na mbao ya mbele. Kikateleza hadi mwisho bila kukwama popote. "Hapa mwisho kilitakiwa kibanwe," akanionyesha.

Wengi wetu tumesikia kwamba mtutu ukiwa huru, haugusi mbao, ndiyo hulenga vizuri. Kwa bunduki nyingi ni kweli. No. 4 ya kawaida iliundwa kwa njia nyingine: mbao ya mbele inatakiwa kuusukuma mtutu juu karibu na mdomo, kwa nguvu ya ratili 2 hadi 7, yaani kama kilo 1 hadi 3. Ukiuinua mtutu kwa vidole utoke kwenye mbao, unasikia ukibisha, na ukiuachia unarudi palepale. Sehemu nyingine muhimu iko ndani, nyuma ya nafasi ya magazini, ambapo nyuso mbili ndogo za mbao hupokea teke la chuma kila risasi inapotoka. Zikilika, bodi hucheza ndani ya mbao, na kila risasi huikuta bunduki imekaa tofauti. Yangu ilikuwa na kasoro zote mbili.

Nilipoitoa mbao ya mbele nilikuta kitu kilichonifanya nikae kimya kwa muda. Kwenye moja ya zile nyuso, fundi wa jeshi wa zamani alikuwa ameshatia kiraka: kipande cha mbao ngumu kimechongwa kikaingia sawasawa, kikashikiliwa kwa kijiti cha mbao bila msumari. Upande wa pili ulikuwa haujaguswa, na ndio uliokuwa umelika. Nilimfuata yeye. Nilichonga kiraka cha upande wa pili kwa mfano wa chake, nikapaka chuma masizi ya mshumaa, nikakikalisha, nikakitoa, nikakwangua palipochafuka, nikarudia tena na tena hadi masizi yalipogusa uso wote. Kazi hiyo ilichukua jioni nne. Kule mbele nilibandika kipande chembamba cha mbao chini ya mtutu. Vanishi niliitoa kwa dawa, sikutumia msasa, kisha nikapaka mafuta ya kitani kidogokidogo.

Niliporudi uwanjani, risasi kumi zilikaa ndani ya sentimita 8, na ya kumi haikuwa mbali kuliko ya kwanza. Mtutu ni uleule, risasi ni zilezile.

Bolti yake ni raha tupu. Unaipandisha nyuzi 60 tu, wakati bunduki nyingine za kale za jeshi, Mauser 98 ya Ujerumani na Mosin-Nagant ya Urusi, zinataka 90, na inajikoki (inajitega tayari kufyatua) unapoisukuma mbele, kwa hiyo huhitaji nguvu kuifungua. Magazini inabeba risasi kumi, mara mbili ya hizo nyingine. Ila risasi zake, za .303, zina ukingo kwenye kitako, na ukizipanga ovyo, ukingo wa juu ukanasa nyuma ya ule wa chini, bolti inagoma. Kila ukingo uwe mbele ya ulio chini yake.

Wenye Mk I* tuna jambo letu la kuangalia. Ili kurahisisha utengenezaji, kwenye reli ya kulia walikata pengo dogo la kutolea kichwa cha bolti, kipande cha mbele kinachokaa nyuma ya risasi. Kingo za pengo hilo zikilika au kumeguka, kichwa kinaweza kuchomoka relini unapovuta bolti kwa kasi. Zitazame kwa kioo cha kukuzia kabla hujalipa. Pia mpe fundi apime nafasi iliyopo kati ya kichwa cha bolti na kitako cha risasi: bolti ifunge kwenye geji ya inchi 0.064 na isifunge kwenye ya 0.074. Ikizidi, vichwa vya bolti vilitengenezwa kwa namba kuanzia 0 hadi 3, na fundi anaweza kukuwekea kirefu zaidi.

Risasi za kale za jeshi nimeziacha. Moja ilinikawilia: nilifyatua, nikasikia "tak", kisha kimya, halafu ikalia. Nashukuru nilikuwa bado nimeelekeza mdomo kwenye shabaha. Bunduki ikikataa kulia, subiri angalau nusu dakika bila kuisogeza wala kugusa bolti. Fataki za zamani, zile za kitako cha risasi zinazowasha baruti, pia huacha chumvi inayovuta unyevu na kuozesha mtutu, na mafuta hayaiyeyushi. Siku nilizozitumia nilimimina birika la maji yaliyochemka kupitia chemba, nikakausha, ndipo nikapaka mafuta.

Kifyatuo kinavutwa kwa hatua mbili, na kwenye Mk I na Mk I* kimefungwa kwenye kinga yake iliyokazwa kwenye mbao, hakimo kwenye bodi kama ilivyokuja kuwa kwa Mk 2 mwaka 1949. Mbao ikivimba kwa unyevu, uzito wa kifyatuo unabadilika. Kwa hiyo kila ninapoitoa kabatini, kabla sijagusa risasi, nakivuta bunduki ikiwa tupu nisikie kama hatua zote mbili zipo, kisha napitisha karatasi chini ya mtutu.

Kwa anayetaka kununua, leseni yako ikiwa tayari, mwombe muuzaji afungue mbao ya mbele akupigie picha ya ndani, hasa zile nyuso mbili nyuma ya magazini. Mimi ya pili niliyokuwa naitaka, muuzaji alikataa kuifungua, nikamwachia.