Kaktasi ya Krismasi ya vitaluni: nunua mmea, acha mfuko wa udongo

Mmea: nyota 4 kati ya 5. Mfuko wa "udongo wa kaktasi" unaouzwa pamoja nao: nyota 1.

Vitalu vya kando ya barabara Nairobi na Dar es Salaam huuza kaktasi yoyote yenye pingili bapa kwa jina la kaktasi ya Krismasi. Kabla ya kulipa, tazama kingo za pingili. Zikiwa na meno makali, hiyo ni Schlumbergera truncata, iliyo nyingi zaidi sokoni. Maua yake hukaa mlalo na chavua ni ya njano. Kingo za mawimbi laini, na maua yanayoning'inia, ni za Schlumbergera × buckleyi, chotara adimu ambaye ukimpata usimwache. Ukiona vinywele vigumu kwenye ncha za pingili na ua lililofunguka kama nyota, hiyo ni kaktasi ya Pasaka. Ni nzuri, lakini hudondosha pingili kwa kosa dogo tu la maji, kwa hiyo hatuipendekezi kwa anayeanza.

Shika shina pale linapoingia udongoni. Likiwa gumu, chukua. Likiwa laini au la kahawia, rudisha hata kama juu pana maua.

Sasa mfuko. Ndani yake ni mchanga laini na udongo mweusi, mchanganyiko uliokusudiwa kaktasi za jangwani. Schlumbergera si ya jangwani. Kwao ni milima ya pwani ya kusini-mashariki mwa Brazil, juu ya matawi ya miti na kwenye nyufa za miamba yenye kuvumwani, ambako mizizi hupata unyevu na hewa kwa pamoja. Mchanga laini huziba nafasi za hewa, maji hutuama chini ya chungu, mizizi inaoza. Hapo pingili hunyauka ilhali udongo umelowa, mwenye mmea anadhani ni kiu, anaongeza maji, na mmea unakufa.

Changanya mwenyewe: sehemu 2 za makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu 1 ya vipande vya gome vya sentimita 1, sehemu 1 ya pumisi (mawe mepesi ya volkano yenye matundu) au pelaiti (chembe nyeupe nyepesi za madini). Makumbi ya pwani huenda yaliloweshwa maji ya bahari, basi yasuuze kwa maji yasiyo na chumvi mara 3 au 4, la sivyo chumvi itaunguza ncha za mizizi. Chungu cha sentimita 12 chenye matundu kinatosha. Kikubwa zaidi hubaki na maji mengi. Mwagilia sentimita 2 za juu zikikauka. Mbolea ya maji 20-20-20 (yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), gramu 1 kwa lita, kila wiki 2 wakati pingili mpya zinachipua.

Wengi hulalamika kwamba mmea haukutoa maua tena. Kinachotakiwa ni usiku mrefu na wenye ubaridi. Katika ikweta usiku ni saa 12 hivi, na taa ya sebuleni huufupisha zaidi. Funika mmea kwa boksi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi, kwa wiki 6, mpaka vitumba vionekane. Nairobi, kwenye baridi ya Juni hadi Agosti, mara nyingi inatosha kuuweka kibarazani pasipofikiwa na taa. Vitumba vikishatokea usiuhamishe, usiuache ukauke, wala usiuweke karibu na ndizi zinazoiva, kwa maana gesi ya matunda huvidondosha.

Kwa Dar es Salaam na Mombasa tunapunguza nyota moja, kwani usiku wenye joto huzuia vitumba hata ukifunika. Wakazi wa huko waulizie Epiphyllum oxypetalum, yenye mashina mapana bapa na maua meupe makubwa yanayofunguka usiku, au Rhipsalis baccifera, kaktasi pekee ambayo ni ya asili Afrika pia. Huota yenyewe kwenye misitu ya Kenya, Uganda na Tanzania. Zote mbili hustawi katika mchanganyiko huo huo. Kata kipande cha Epiphyllum cha sentimita 15, kiache kivulini siku 3 jeraha likauke, kisha chomeka sentimita 3 bila kumwagilia kwa wiki ya kwanza.