TAHADHARI: Muuzaji wa fimbo, rili na mishipi ya kuvulia sangara hapa Arusha

Ndugu wavuvi wa Arusha na Moshi, na hasa ninyi mnaojiandaa kwenda ziwani hivi karibuni, nawaomba msinunue chochote kwa yule bwana anayejitangaza kwenye makundi yetu kwamba analeta vifaa vya samaki wakubwa moja kwa moja kutoka Japani. Jina lake silitaji hapa kwa sababu jalada liko polisi na nimeshauriwa nisiliharibu, lakini yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wake wa sauti wa asubuhi, ule unaoanza kwa dua, anajua ninamsema nani. Ameniuzia bidhaa bandia kwa shilingi 1,650,000, na bidhaa hizo zimeniaibisha mbele ya mtu ambaye katika dunia hii nzima sikutaka aione aibu yangu.

Safari ya kisiwa cha Rubondo, nilikokwenda kuvua sangara na Mzee, yaani baba mkwe wangu, mnaifahamu, kwa hiyo sitarudia habari hizo. Nitaeleza jinsi nilivyouziwa, kwa sababu tangu nirudi nimesikia watu wakisema kwamba nilipumbazwa na bei rahisi. Bei haikuwa rahisi. Nilikutana naye mchana kweupe karibu na Mnara wa Saa, akiwa na gari safi, akaniamkia kwa adabu, na kabla ya kunionyesha kitu chochote akaniuliza ninakwenda kuvua samaki gani na katika maji gani. Tapeli wa kawaida haulizi swali hilo. Yeye husifu alichonacho mkononi. Nilipomjibu kwamba ninakwenda kwa sangara, alinieleza kwamba sangara hana meno ya kukata mshipi kama wale samaki wenye meno ya nje wa mto Kilombero na Rufiji, ambao lazima uwawekee kipande cha waya mbele ya chambo. Mdomo wa sangara, alisema, una ukwaru kama msasa, na kifuniko cha mashavu yake kina makali, hivyo kinachotakiwa ni kipande cha nailoni nene chenye kuhimili kilo 45 au zaidi, kikiunganishwa na mshipi wa kusuka ulio mwembamba na wenye nguvu. Akasema pia kwamba breki ya rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo, isikazwe kupita theluthi moja ya nguvu ya mshipi, ili samaki akikimbia ghafla mshipi utoke badala ya kukatika.

Yote hayo ni kweli, na ninaomba mlielewe jambo hili vizuri kwa sababu ndilo linalomfanya mtu huyu awe wa hatari kuliko wachuuzi wa kubahatisha: maneno yake kuhusu uvuvi ni ya kweli kabisa, bidhaa zake ndizo za uongo. Hata aliponisimulia habari za sangara wa kilo 104 aliyevuliwa kwa fimbo katika Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000, nilikwenda kuhakiki usiku huohuo nikakuta ndiye anayeshikilia rekodi ya dunia. Mtu akikueleza mambo, ukayahakiki, ukayakuta sawa, utaanzia wapi kumtilia shaka?

Halafu alifanya jambo lililomaliza maswali yangu yote. Alitoa kwenye buti la gari fimbo iliyokuwa tayari imefungwa rili, akavuta mshipi wa kijani, akaulowesha kwa ulimi, akafunga fundo kwenye ndoano ya kuvutia gari, akanirudisha nyuma hatua kadhaa na kunikabidhi fimbo. "Vuta, kaka, usiogope." Nilivuta hadi fimbo ikapinda karibu na kishikio, breki ikaanza kuachia taratibu kwa mlio laini usiokatika, na mshipi haukupasuka hata uzi mmoja. Nilikaza breki, nikavuta tena, nayo ikaachia vilevile. Akachukua simu, akampigia mtu aliyemwita nahodha wa Mwanza, akaweka sauti ya juu, na huyo nahodha akathibitisha kwamba vifaa hivyo ndivyo anavyowapa wageni wake wote. Baadaye nilimuulizia mtu huyo mwaloni Kirumba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi mno, na nimekirudia kichwani mara nyingi. Alirudisha fimbo na rili ile upande wa kushoto wa buti, kisha upande wa kulia akachukua maboksi yaliyofungwa kwa plastiki, akanionyesha maandishi ya Kijapani na jina la kampuni ambayo kila mvuvi anaiheshimu, akasema, "Hii yako ni mpya kabisa, haijaguswa na mtu, ile ni yangu ya kuonyeshea." Ni nani angekataa boksi jipya akadai apewe kitu kilichokwishatumika? Popote pale mteja hupewa kipya, na muuzaji mwenye heshima hubaki na cha maonyesho. Niliibiwa pale pale, kati ya upande mmoja wa buti na upande wa pili, huku nikimshukuru.

Mengine mmeyasikia kwa watu, lakini yasikieni kwangu. Tulikuwa tukiburuta chambo cha umbo la samaki nyuma ya boti, sambamba na mawe ya kisiwa, Mzee akiwa ameshika fimbo kwa sababu safari ilikuwa ya kwake, sangara akashika kwa nguvu ambayo sote ndani ya boti tuliiona kwenye ncha ya fimbo. Breki haikuachia. Ilikwama, ikaachia kwa mkupuo mmoja, ikakwama tena. Samaki akaruka nusu mwili juu ya maji, akatikisa kichwa mdomo wazi kama sangara wafanyavyo, na mshipi ukakatika mbali kabisa na fundo. Tuliweka mshipi mwingine kutoka kwenye boksi lake. Samaki aliyefuata hakuwa mkubwa hata kidogo, lakini alizinyoosha ndoano mbili kati ya zile za matawi matatu, na fimbo ikavunjika kwenye kiungio. Mzee akaanguka juu ya benchi na kujichana kiganja. Wakati ninamfunga kitambaa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hivi vitu ulivipata wapi?" Mwendesha boti akageuza uso. Jioni hiyo mke wangu aliulizwa swali hilohilo kwa simu na baba yake, na nilikuwa nimekaa kando nikisikia. Tena kuna yule sangara wa kwanza, aliyeondoka na chambo chenye ndoano mdomoni. Nalo hilo nalihesabu kwenye deni la muuzaji.

Niliporudi nilimpelekea rili fundi mmoja wa Ngarenaro. Alipoifungua, mahali ambapo rili halisi ya aina ile huwa na visahani vya kaboni tulikuta vipande vya kitambaa vilivyoloa grisi nzito, kimoja kikiwa kimekunjamana, na ndicho kilichokuwa kikikwamisha breki. Mshipi nao niliufunga kwenye mizani ya ndoano ya muuza nyama jirani yangu. Kwenye kibandiko umeandikwa kilo 36. Ulikatika kabla mizani haijafika kilo 11, tukarudia kwa kipande kingine, matokeo yakawa yaleyale. Fundo hupunguza nguvu ya mshipi, hilo linajulikana, lakini si kwa kiasi hicho. Rangi ya kijani ilibaki kwenye vidole vyangu.

Mtaniuliza dalili zake. Zipo: hatoi risiti ya mashine, anasema atakutumia baadaye, malipo yanakwenda kwenye namba yenye jina la mwanamke ambaye anasema ni mhasibu wake, na hakuruhusu nifungue boksi pale pale, akidai kwamba likifunguliwa dhamana inakufa. Kwa hiyo mshipi ujaribuni kwenye mizani, uleule mtakaoondoka nao na si mwingine, na breki ivuteni kwa mkono mkisikiliza kama inaachia bila kushtuka. Asiyekubali hivyo, mwacheni na maboksi yake.

Lakini mimi siridhiki na kuwafundisha watu kujihadhari wakati mwizi anaendelea kutuma dua zake kila asubuhi. Mtu huyu lazima akamatwe, ashitakiwe, na arudishe fedha za kila mmoja. Tuna Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963 na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Basi waende kwenye hilo buti la gari, wachukue upande wa kulia wote, na upande wa kushoto wauweke kama ushahidi wa namna anavyowahadaa watu. Kijana mmoja wa Moshi, aliyenunua mishipi yake kwa ajili ya kambare wa Nyumba ya Mungu, amepoteza akiba yake na anaogopa kusema. Huyo simlaumu, ila ninamlaumu anayejua na kuendelea kusambaza matangazo ya mtu huyu kwa sababu ya kamisheni. Nanyi mnaomtetea kwamba ni kijana wetu anatafuta riziki, riziki haitafutwi kwa kumwangusha mzee wa watu kwenye boti katikati ya Ziwa Victoria.

RB, yaani namba ya taarifa yangu polisi, ninayo. Aliyeuziwa na mtu huyu, hata kama ni ndoano tu, atunze boksi, kibandiko na ujumbe wa malipo, asifute sauti yoyote aliyotumiwa, namba aliyolipia aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha anitafute kabla ya Ijumaa twende kituoni pamoja, kwa maana mpelelezi ameniambia waziwazi kwamba walalamikaji wakiwa wengi jalada halitakaa kabatini.