Msumeno wa meza wa inchi 10 kwenye karakana ya nyumbani: uzoefu wangu hapa Moshi

Kwa wenye haraka: kwa bei yake mashine hii ni nzuri. Inachana mbao safi, na mtu mwenye kibanda nyuma ya nyumba anaweza kufanya nayo kazi ya kuuzika. Ila uzuri wake umebebwa na vitu vitatu ambavyo muuzaji hakunitajia hata kimoja: kichuma kinachosimama nyuma ya bledi, swichi, na reli ya kuongozea mbao. Viwili vya kwanza vinakulinda wewe, cha tatu kinalinda kazi yako, na wewe pia. Na hicho cha tatu ndicho kilichonitoa jasho.

Ni zile mashine za kubebeka: bledi ya inchi 10, yaani milimita 254, mota ya kaboni (yenye vipande vya kaboni ndani vinavyopitisha umeme na kuisha taratibu) ya wati 1,800, volti 230, meza ya aluminiamu na miguu ya kukunja. Jina lake silitaji, maana mashine hii hii nimeiona madukani kwa majina matatu manne, tofauti ikiwa rangi tu. Nililipa laki nane na ushee.

Kazi yangu kubwa ya jioni na Jumamosi ni mizinga ya nyuki ya viunzi, yaani vipande vya mbao vya juu ambavyo nyuki hujenga sega chini yake; natengenezea wafugaji wa huku Uru na Kibosho. Kiunzi cha nyuki wetu wa Afrika kinatakiwa kiwe na upana wa milimita 32, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi wanayojipimia wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega la pili. Mzinga una viunzi ishirini na kitu. Kila kimoja kikizidi milimita moja, ukifika cha kumi nyuki wameshaacha mstari wako wanafuata wao. Sega linajengwa mshazari, limeshika viunzi viwili, na siku ya kufungua unararua asali na watoto kwa pamoja. Kwa msumeno wa mkono nilikuwa nakesha na randa kusawazisha. Kwa mashine, ubao mmoja unatoa viunzi vyake vyote sawasawa wakati chai bado ya moto.

Mradi reli iwe imenyooka. Yangu ilitoka kwenye boksi imepinda kuelekea bledi kwa nyuma, karibu milimita moja. Ukiitazama kwa macho huoni kitu. Namna ya kujua ni hii: chomoa plagi, pandisha bledi mpaka mwisho, chagua jino moja ulitie alama ya kalamu. Lilete jino hilo mbele, pima kutoka kwenye ncha yake hadi kwenye reli. Zungusha bledi kwa mkono mpaka jino lile lile lifike nyuma, pima tena. Usipime kwa jino jingine, maana bledi yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo ikakudanganya. Vipimo viwili visipolingana, legeza skrubu mbili za kwenye kichwa cha reli, nyoosha, kaza.

Milimita hiyo moja si ya kupuuza. Meno ya mbele ya bledi yanakwenda chini, yanaikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma yanapanda juu. Reli ikibana kwa nyuma, inaisukuma mbao kwenye yale yanayopanda, yanainyanyua, inapanda juu ya bledi, na kutoka hapo inarushwa kwa aliyekuwa anaisukuma. Bledi inazunguka mara 4,800 kwa dakika. Piga hesabu na kipenyo chake, ncha ya jino inakwenda karibu kilomita 230 kwa saa. Hakuna Coaster ya Moshi–Arusha inayofika huko, hata ile inayowahi abiria Bomang'ombe.

Kwa hiyo sisimami nyuma ya bledi. Nasimama kushoto kidogo, nje ya njia ya mbao. Na ile stika ya vipimo iliyobandikwa mbele ya mashine siiamini. Kila ninapohamisha reli napima kwa futi, mbele na nyuma, kwa sababu mkono wa kufungia ukiukaza vibaya mkia wa reli unahama. Hili ni kosa la kiwandani kabisa, na kwa bei ile wangeweza kuweka kifungio cha nyuma. Hapa nawanyima alama.

Sasa kichuma cha nyuma. Dukani kijana aliyenifungia mashine alikishika akaniambia, "Mwalimu, hiki wengi wanakitoa, kinasumbua." Nikamwomba akirudishe. Huku kwetu mbao nyingi si zile za paini zilizokaushwa. Ni mgrivea wa kihambani, uliopandwa kutia kivuli kahawa, ukaangushwa na kupasuliwa kwa chensoo, na mwezi haujaisha umeshafika kwa fundi. Ndani bado una maji na nyuzi zake zinavutana. Ukianza kuuchana, mkato ulioachwa na bledi unaanza kujifunga nyuma yake. Utauona kwa macho: pale mwanzo wa ubao pengo ni la kutosha, kadiri unavyosukuma pande mbili zinakaribiana mpaka zinagusa kichuma na kukibana. Mota inaguna, lakini mbao haigusi meno ya nyuma. Kama kichuma hakipo, pande hizo zingeibana bledi yenyewe, na umeshajua kinachofuata.

Kichuma hiki kinapanda na kushuka pamoja na bledi, na pengo kati yake na meno liwe milimita 3 hadi 8. Ukitaka kuchimba mfereji usiotoboa ubao, unatoa kifuniko cha plastiki cha juu, kisha unakishusha kichuma kwenye tundu la pili ili kiwe chini kidogo ya ncha za bledi. Hakuna sababu ya kukitupa kwenye droo.

Kuna jambo la kuangalia unaponunua bledi nyingine. Kichuma kimeandikwa unene wake. Changu ni milimita 2.3. Kinatakiwa kiwe chembamba kuliko mkato wa meno, na kinene kuliko bati la bledi. Madukani kuna bledi nyembamba za bei poa ambazo mkato wake ni mdogo kuliko hapo. Ukifunga hiyo, mbao inafika kwenye kichuma inagoma, na mtu anaanza kulazimisha. Angalia pia tundu la katikati: mashine nyingi za aina hii ni milimita 30, ila kuna bledi za 25.4. Na mizunguko iliyoandikwa kwenye bledi iwe mingi kuliko ya mashine.

Swichi ndiyo iliyonifanya niipende mashine hii. Ni ile ya vitufe viwili, kijani na chekundu, yenye sumaku ndani. Umeme ukikatika inajizima, na ukirudi haiwaki mpaka ubonyeze kijani tena. Nani asiyejua umeme wetu? Unakatika katikati ya ubao, unasubiri, unaanza kuchomoa mbao iliyokwama kwa mikono miwili, halafu unarudi. Kwa swichi ya kawaida mashine ingeamka yenyewe na vidole vyako viko pale. Ukiwa dukani fanya jaribio hili: mwambie muuzaji aiwashe, azime kwenye soketi, kisha awashe soketi. Ikianza kuzunguka bila kubonyezwa, muage vizuri uende duka jingine.

Swichi yangu iliwahi kufa, vumbi lilijaa ndani. Fundi umeme alitaka kuniwekea ya kawaida, ya kupandisha na kushusha, "Meku, hii itafanya kazi ile ile." Haifanyi. Niliagiza ya sumaku kutoka Kariakoo, mashine ikalala karibu wiki mbili, na wateja wa mizinga wakasubiri.

Kwa viunzi vya milimita 32, mkono haufai kupita kati ya reli na bledi. Bledi naipandisha kiasi cha meno kuchungulia tu juu ya ubao. Mbao ikibakiza kama sentimita 30 kumalizika, nashika kijiti cha kusukumia, tena viwili: kimoja kinasukuma mbele, kingine kinaegemeza mbao kwenye reli, kabla ya bledi, kamwe si ubavuni mwake. Vijiti nimechonga mwenyewe kwa vipande vya plaiwudi vyenye mkato mwishoni, kwa sababu kile cha plastiki kilichokuja na mashine ni kifupi mno. Upande wa ubao unaoegemea reli uwe umeshapigwa randa ukanyooka. Ubao wenye tumbo hauchanwi kwenye mashine hii, unarudi kwa randa kwanza. Kipande kilichobaki kando ya bledi nakiacha hapo hapo mpaka bledi isimame. Glovu sivai kwenye mashine inayozunguka, wala shati la mikono inayoning'inia. Miwani na vizibo vya masikio, ndiyo. Kelele za mota ya kaboni ni kali, na Jumapili siiwashi kabisa, majirani zangu wana subira lakini si kiasi hicho.

Marekani kuna mashine za SawStop, zilizoanza kuuzwa 2004, ambazo bledi ikigusa kidole inasimamishwa ndani ya sehemu chache tu za elfu moja za sekunde. Wazo zuri sana. Ila kila inapofyatuka unanunua kifaa kipya cha breki, na mara nyingi bledi pia. Hata mbao mbichi inaweza kuidanganya ikafyatuka, na kwa migrivea yetu sijui ningefilisika mwezi gani.

Matunzo hayana gharama. Utomvu wa paini unaganda kwenye meno, bledi inaanza kuchoma mbao badala ya kukata, na mtu anadhani imeisha makali. Naitoa, nailaza kwenye beseni la mafuta ya taa nje ya kibanda, mbali na moto, baada ya muda naisugua kwa mswaki wa zamani, naifuta ikauke kabisa. Mara nyingi makali yanarudi bila kunoa. Meza naipaka nta ya nyuki, ninayo bure, halafu naing'arisha kwa kitambaa, na mbao inateleza. Ndani ya mashine napuliza vumbi kila nikimaliza kazi. Wakati wa masika vumbi hilo linashika unyevu na kugandamana kwenye skrubu ya kupandisha bledi. Hapo siweki grisi, inakusanya uchafu zaidi, ni nta kavu tu. Barakoa navaa hata kwa ubao mmoja. Vumbi la mbao liliwekwa na IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995.

Waya wa kuongezea umeme uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5, na uukunjue wote kutoka kwenye gurudumu lake. Waya mwembamba unapata moto na mota inakosa nguvu.

Anayetaka kupasua mikaratusi kutwa nzima asiinunue hii. Mota itachoka, akatafute mashine nzito ya mota isiyo na kaboni. Mimi nimeshabadilisha kaboni, kazi ya bisibisi tu, na jozi ya akiba iko kwenye boksi. Kuhusu bledi, nina mbili: ya meno 24 ya kuchana kwa urefu na ya meno 60 ya kukata vichwa. Zote ni za meno ya kabaidi, kwa hiyo usimpelekee yule fundi wa kunoa kwa tupa, atamaliza tupa yake bure. Hizo zinanolewa kwa jiwe la almasi.