Seti ya shaba ya boila la treni ndogo ya mvuke: uzoefu wangu nikiwa Mbeya

Natoa nyota nne kati ya tano. Seti hii niliyoagiza nje ni ya kichwa cha treni cha reli zilizoachana inchi 3½, shinikizo la kazi baa 5.5. Ndani kuna bomba la kopa (shaba nyekundu) la kipenyo cha mm 102 lenye unene wa mm 2.5, sahani zilizokwisha kukunjwa kingo, mabomba ya moshi, bushi (vipete vyenye uzi wa kufungia vali na geji), fimbo za kuunganishia zenye fedha asilimia 55 na kopo la flaksi, dawa inayosafisha kiungo ili fedha ishike. Nimeshaliunganisha boila na kulipima.

Thamani yake kubwa ni cheti cha bomba: C106, yaani kopa iliyoondolewa oksijeni kwa fosforasi. Sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kopa chakavu haikosekani, tena kwa bei nafuu, ila nyingi imetoka kwenye nyaya na pau za kupitishia umeme, na hiyo huwa na oksijeni kidogo ndani. Ukiichoma kwa moto wenye gesi nyingi, haidrojeni hupenya, ikakutana na ile oksijeni, mvuke ukazaliwa ndani kwa ndani na kuichana nyufa ndogo. Kwa macho sahani ni nzima, ukiikunja inakatika.

Unene nimeukagua mwenyewe. Kopa iliyolainika kwa moto hukatika karibu na MPa 210. Gawa kwa 8, ambayo ni akiba ya usalama, upate 26. Halafu chukua shinikizo, baa 5.5 ambazo ni MPa 0.55, zidisha kwa kipenyo: 0.55 × 102 ÷ (2 × 26) = mm 1.08, unene wa chini kabisa. Kwa hiyo 2.5 inabakiza nafasi nzuri kwa joto, viungo na matundu ya bushi.

Fimbo za fedha ni nzuri, zinayeyuka kati ya nyuzi 630 na 660, na hazina kadimiamu, ambayo moshi wake ni sumu ya mapafu. Usijaribu kubana matumizi hapa. Risasi ya mafundi redio huanza kuyeyuka kwenye 183 hivi, na mvuke wa baa 5.5 huku kwetu juu una kama 161, kwa hiyo kiungo kinakuwa kimeshalegea kabla hata maji hayajapungua. Fimbo za mafundi friji, zile za kopa na fosforasi, zinashika vizuri kwenye friji, lakini salfa ya makaa ya mawe huzila. Anayepanga kuwasha makaa ya Kiwira asiziguse. Flaksi nayo tumia ya kwenye kopo: boraksi tupu huyeyuka juu ya nyuzi 740, wakati fedha imeshatiririka zamani.

Acha nafasi ya mm 0.05 hadi 0.15 kwenye kila kiungo. Ukibana sana fedha haipenyi.

Maelekezo ya seti hayasemi lolote kuhusu moto, na hapo ndipo wengi watakwama. Kopa ya ukubwa huu inanyonya joto jingi mno. Asetilini peke yake inachoma sehemu moja huku upande wa pili ukiwa baridi. Unahitaji bana (kichwa cha kutolea moto) kubwa ya gesi, matofali ya moto kuzunguka boila, na regileta ya shinikizo kubwa; ile ya jiko la nyumbani haifai kabisa. Mtungi wa kilo 6 unaganda barafu katikati ya kazi, hasa Juni na Julai, moto ukafifia. Chukua wa kilo 15 au zaidi.

Nyota iliyopungua ni ya bushi. Zilikuja za brasi, yaani kopa iliyochanganywa na zinki, rangi ya njano wazi. Maji ya moto huitoa zinki taratibu, inabaki kopa yenye vitundu, na uzi wa skrubu unang'oka. Muuzaji alijibu kwamba kwa treni ya mfano zinatosha. Sikubaliani naye: mvuke haujui kama treni ni ya mfano. Nilichongesha nyingine za bronzi ya fosforasi kwenye mashine ya leti. Kagua pia fimbo zinazoshikilia sahani bapa. Zangu zilikuwa kopa, sawa.

Kupima: jaza maji hadi hewa yote itoke, kisha panda polepole kwa pampu ya mkono hadi baa 11, mara mbili ya kazi, kwa geji uliyoilinganisha na nyingine. Usipime kwa kompresa hata siku moja; hewa iliyobanwa ikipasua boila hurusha vipande. Sahani bapa zisibaki zimetuna baada ya kushusha. Ndipo uwashe moto, uone vali ya usalama ikifunguka kwenye 5.5 na kuzuia geji isiendelee kupanda hata moto ukiwa mkali.