TAHADHARI: Muuza jenereta wa Kirinyaga Road, Nairobi, msimpe hata shilingi

Ndugu zangu, ile jenereta ya 10 kVA tuliyonunua kwake, inayozima kila ikibeba mzigo, haina shida ya dizeli kama fundi wake alivyodhania. Tumeibiwa mchana peupe, na aliyetuibia yuko pale pale anauza nyingine.

Siku ya kuijaribu ilishika kwa stati moja. Dakika kumi, volti 240, sauti imetulia, moshi hakuna. Mzigo ulikuwa balbu moja! Dizeli ilitoka kwa jerikeni lililoning'inizwa juu ya injini, eti tangi linaoshwa. Akachomoa kijiti cha oili: safi, nzito kama asali. Nani hangeamini? Ana duka, anatoa risiti, na fundi wake anajibu kila swali. Laki mbili na elfu arobaini zikaenda.

Ilipobebeshwa friza mbili na pampu, dakika 25, kimya. Ikipoa inashika, ikipata moto inazima. Fundi wake akabadilisha filta ya dizeli, akatoa hewa kwenye laini, akauza solenoidi, ile vali ya umeme inayofungua na kufunga dizeli. Elfu nane. Bado inazima. Mwisho akasema swichi ya presha ya oili ni mbovu, "ikate tu huo waya."

Hapo ndipo alipojifichua. Injini inayokosa dizeli huyumba kwanza, taa zinafifia, ndipo inakufa. Hii ilikatika ghafla, taa ya oili ikimweka. Swichi ikafunguliwa, ikawekwa geji ya kupima presha ya oili mahali pake: injini baridi, bar 4, baada ya nusu saa na mzigo, bar 0.6. Bering zinazobeba krenki, mhimili mkuu wa injini, zimelika. Oili nzito hushikilia presha ikiwa baridi, lakini ikipata moto inakuwa nyepesi na kuvujia kwenye nafasi za bering, presha inashuka, swichi inafunga dizeli ili kuokoa injini. Waya huo ukikatwa, krenki inakwama.

Mtu wa kushauri hivyo anajua anachofanya. Muuzaji ashikwe, arudishe pesa yote pamoja na ile elfu nane, na duka lifungwe! Na fundi wake asiachwe, ndiye anayeziandaa.

Ukienda kununua popote: ikute injini baridi, mzigo wa nusu ya uwezo wake kwa saa nzima, geji yako mwenyewe. Akikataa, ondoka.

Kama naye amekuuzia, jitokeze tuandikishe OB polisi pamoja wiki hii.