Mke kwa ratili 150 za tumbaku

Nilikuwa nimeapa kutosoma tena riwaya za mapenzi za Kikristo. Nimechoka na binti mwema anayeomba ukurasa wa 40, halafu ukurasa wa 41 jibu linabisha hodi likiwa na mabega mapana. Mkusanyiko huu wa hadithi nne, kuhusu wanawake katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika Kaskazini, ulinifanya nivunje kiapo. Niliusoma kwenye simu kwa siku nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa za hadithi ya kwanza peke yake.

Yatima anapanda meli Uingereza mwaka 1621 kwenda Jamestown, Virginia. Msingi wake ni wa kweli: mwaka huo Kampuni ya Virginia, iliyokuwa ikiendesha koloni hilo, ilipeleka wanawake 57 waolewe na walowezi, na aliyepata mke alitakiwa kulipa ratili 150 za tumbaku bora, karibu kilo 68. Usije ukaiita mahari. Tumbaku hiyo haikwenda kwa mjomba wala shangazi wa mtu, ilikwenda kwa waliogharamia safari. Kampuni iliagiza kwamba asiozwe mtu kwa nguvu, na mwandishi anapashikilia hapo hapo. Utakataaje, uko ng'ambo ya bahari, huna ndugu, unakula kwa watu? Binti anajifariji na kisa cha Ruthu, kisha anakumbuka kwamba Ruthu alikuwa na Naomi, mama mkwe wake. Anaomba, na safari hii mbingu zinanyamaza sura tatu nzima. Anapomwuliza mchumba wake, "Ukishanilipia, nitakuwa mkeo au mdeni wako?" niliweka simu chini. Na anayeijua historia anasoma huku akihesabu miezi, maana Machi 1622 inakuja, na shambulio la watu wa Powhatan, wenyeji wa nchi hiyo, lililoua walowezi 347.

Ya pili ni mjane na baharia. Basi.

Ya tatu ilianza vizuri: Boston, mwaka 1637, msichana anahudhuria kwa siri mikutano ya wanawake nyumbani kwa Anne Hutchinson, mwanamke aliyepinga mafundisho ya wachungaji, akashtakiwa mwaka huo huo na baadaye kufukuzwa Massachusetts. Imani hapa ina gharama. Lakini mwisho wanafunga ndoa kanisani, mchungaji mbele, pete kidoleni! Wapuritani wa Massachusetts, Waprotestanti wa msimamo mkali, waliihesabu ndoa kuwa mkataba wa kiraia, wakaozwa na hakimu, na pete waliikataa. Mtu aliyechimbua bei ya tumbaku anakosaje hilo?

Kilichoniuma zaidi ni kingine. Waafrika walioletwa utumwani walishushwa Virginia tangu 1619, na orodha ya wakazi ya 1625 inamtaja Angela, mwanamke Mwafrika, katika nyumba ya Kapteni William Pierce pale pale Jamestown. Katika hadithi zote nne, mwanamke Mwafrika anapita mara moja tu, kabeba ndoo, hana jina. Yatima wetu anamtazama, anamhurumia mstari mmoja, anarudi kuwaza uchumba wake. Sikuomba mahubiri. Nilitaka tu yule mwanamke atue ndoo, aseme neno, kwa sababu kama kuna mtu pale aliyekuwa na swali kwa Mungu, ni yeye.

Ya nne niliiacha katikati, wahusika wote wanaongea kama kijitabu cha ibada. Nimetoa nyota tatu, na mbili na nusu ni za yule yatima.