Kasha la Kadi za Kutambua Magari ya Zamani kwa Kipande cha Picha: Uchambuzi Baada ya Majuma Matatu

Watazamaji wapendwa, karibuni tena. Hapa mezani nina kasha lenye kadi 54, na kila kadi imechapishwa kipande kidogo cha picha ya gari la zamani: pembe ya taa, ukingo wa dirisha, mkunjo wa bodi juu ya gurudumu. Ukigeuza kadi unakuta jina la gari na mwaka wake. Nililinunua hapa Kampala kwa shilingi 70,000, na kwa majuma matatu nimelichezea pamoja na wenzangu wanne ambao hukutana nami kila Jumapili alasiri katika gereji moja ya Katwe.

Nianze na kadi iliyonifanya nilipende kasha hili. Ni kadi ya 12, nami naisogeza karibu na kamera ili muione vizuri. Mnaona taa ya nyuma yenye matuta na mifereji inayokwenda kwa mlalo, basi; hakuna nembo wala namba ya gari. Mwenzetu mmoja alitamka mara moja kwamba ni Mercedes-Benz, na alikuwa sahihi, kwa kuwa kampuni hiyo ilianza kutumia taa za namna hii katika miaka ya mwanzo ya 1970. Sababu yake inaeleweka upesi kwa mtu yeyote aliyewahi kusafiri nyuma ya lori katika barabara ya vumbi jekundu: uchafu hushika kwenye matuta yaliyojitokeza, lakini sehemu zilizozama ndani hubaki safi kiasi, na mwanga unaendelea kuonekana. Ukitazama zaidi, ukingo wa buti unaonyesha kwamba hili ni lile gari lenye taa za mbele zilizosimama wima, lililotoka mwaka 1968, na matuta yale yanakuambia kwamba ni toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 1973. Kipande kisichozidi upana wa kiganja kimetupa kampuni, aina na kipindi. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kadi nzuri: sehemu iliyobakizwa iwe na sababu ya kuwa ilivyo, ili anayeitambua awe ametumia akili na si kubahatisha.

Kadi ya 20 ilizua mabishano ya saa nzima. Inaonyesha pezi la nyuma, ile ncha ya bodi iliyoinuka juu ya taa. Wawili wetu walisema ni Austin Cambridge, mmoja akasema ni Fiat, nami nikashikilia kwamba ni Peugeot 404. Mzee mmoja, fundi wa bodi katika gereji ile, alipokea kadi, akaifunika nusu kwa kidole gumba, akaitazama kimya, kisha akasema kwamba sisi sote tuna haki ya kukosea, kwa sababu mkono uliochora ni mmoja. Mzee alikuwa amegusa kiini cha jambo. Pininfarina, mbunifu wa bodi za magari wa Italia, alizifanyia kazi kampuni hizo tatu karibu kwa wakati mmoja: Austin na Fiat hizo zilitoka mwaka 1959, na Peugeot 404 ikafuata mwaka 1960. Mistari yake inafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Nilipogeuza kadi nilikuta mwaka na jina hili tu: Peugeot 404. Hapa ndipo ninapolilaumu kasha kwa moyo wote. Jibu halielezi ni kitu gani katika pezi lile kinachoitenga Peugeot na wenzake, wala halidokezi kwamba wenzake wapo. Aliyeshinda hakujua kwa nini ameshinda, na walioshindwa hawakujifunza chochote. Nafasi nyuma ya kadi ilikuwepo. Sentensi mbili zingetosha. Na kwa gari kama hili, sentensi ya tatu ingetugusa sisi wa Afrika Mashariki, kwani 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968, wakati njia ya mashindano hayo ilikuwa bado inapita Uganda. Mzee yule alituambia kwamba alipokuwa mtoto alisimama kando ya barabara akiyangojea, na kwamba mlio ulifika kabla ya vumbi.

Upande wa uchapaji, karatasi ni nene na pembe za kadi hazijakunjika licha ya mikono yenye grisi. Tatizo ni mng'ao. Chini ya taa ya umeme kadi inameremeta mpaka unalazimika kuiinamisha huku na huku, na katika kadi za magari meusi sehemu muhimu inapotea kabisa. Nilijaribu pia kutumia lenzi ya kukuzia, nikaona vidoti vya wino badala ya maelezo zaidi, kwa hiyo msihangaike kununua lenzi kwa ajili ya kasha hili.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo ni zito zaidi kuliko mng'ao. Kadi ya 31 ni ukanda mwembamba uliokatwa wima katikati ya uso wa gari, kuanzia kioo cha mbele hadi bampa. Tazameni hapa juu, ninapoelekeza kalamu: kioo kimegawanywa na nguzo katikati. Shukeni hadi chini: bampa ina kipande kilichoungwa katikati. Jibu linasema Morris Minor 1000 ya mwaka 1958. Haiwezekani. Minor 1000 ilipotoka mwaka 1956 ilikuwa na kioo kimoja kisicho na nguzo, kwa hiyo kioo peke yake kinatosha kulikataa jibu. Kuhusu bampa, muungo ule ni alama ya Morris Minor za mwanzo kabisa. Mbunifu wake, Alec Issigonis, hakuridhika na upana wa gari la mfano, akaagiza lipasuliwe katikati kwa urefu, na nusu zake zikatenganishwa mpaka uwiano ukampendeza, ongezeko la takriban sentimita 10. Bampa zilikuwa zimekwisha kutengenezwa kwa upana wa zamani, zikabidi zikatwe na kuongezewa kipande. Picha nzuri kiasi hiki, iliyobeba historia nzima ya gari katika ukanda mmoja, imepewa jibu lisilo lake. Niliwaandikia watengenezaji mara mbili na sijapata jibu. Nimelirekebisha mwenyewe kwa penseli, lakini mnunuzi hapaswi kufanya kazi ya mhariri.

Kuna kadi kama nane ambazo zimekatwa kupita kiasi. Moja ni bati jekundu tu lenye mwanga juu yake. Kuitaja kwa usahihi ni kubahatisha tu, si ujuzi, na sisi tumeziondoa zote nane katika mchezo. Zilizobaki zina mizani nzuri. Volkswagen yenye umbo la mende, kwa mfano, inaonyeshwa kwa dirisha la nyuma peke yake, nalo linatosha: vipande viwili ni kabla ya Machi 1953, umbo la yai ni kati ya hapo na 1957, na pana zaidi ni baada yake. Datsun 240Z inaonyeshwa kwa taa ya mbele iliyozama ndani ya bodi kama punje ndani ya kijiko, nami nilifurahi kuiona, kwa kuwa ndilo gari alilolitumia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kushinda Safari mwaka 1973.

Je, mlinunue? Kama mna kundi la watu wanaobishana kwa hoja, ndiyo, hata kwa bei hii, mradi muondoe zile kadi nane na mrekebishe ya 31. Kwa mtu anayetaka kujifunza peke yake, jibu langu ni hapana mpaka watakapoandika maelezo nyuma.

Kadi ya mwisho ninayotaka muione ni ya 48, iliyotushinda sote Jumapili ya kwanza. Ni robo ya nyuma ya gari, na dirisha limeinama kinyume, juu likitokeza nyuma kuliko chini, mtindo unaowaachia abiria wa nyuma nafasi ya kichwa na kuepusha kioo na mvua. Sote watano tulisema Ford Anglia ya mwaka 1959. Mzee alishika kadi, akaweka ukucha wake kwenye gurudumu ambalo kifuniko chake kilikuwa kimeng'oka, akahesabu nati kwa sauti: moja, mbili, tatu. Anglia ina nne. Ilikuwa Citroën Ami 6.